Loweka Kebo Kwanza, Ndipo Uipime

Kebo ikisoma megaomu 13 kwenye mega, yaani kipima-ukinzani wa ganda, fundi wa umeme wa nyumba huridhika. Kiwango cha kimataifa cha nyaya za majengo hudai megaomu 1 tu kwa kipimo cha volti 500, kwa hiyo kebo hiyo imevuka kiwango mara kumi na tatu. Lakini kebo hiyohiyo ikiwa imelala ndani ya maji ya Ghuba ya Speke, namba hiyo yaweza kuwa na maana kwamba ganda limetoboka na maji yameshaigusa shaba. Mwongozo huu ni wako wewe unayeteremsha umeme majini upande huu wa Magu: mwenye pampu ya kuzamisha inayomwagilia bustani kando ya ziwa, anayehudumia kisima kirefu kwenye vijiji vilivyo mbali na ufukwe, na yule anayeanza kutumia roboti ndogo yenye kamera kukagua nyavu za vizimba vya samaki. Vyombo hivi vimetofautiana kwa bei na kwa kazi, ila vyote vinaishi kwa kebo. Ninalolitetea hapa ni kwamba kebo ya majini ipimwe ikiwa imelowa, ipewe muda, na namba yake ilinganishwe na namba zake za nyuma kabla ya kulinganishwa na kiwango cha kitabuni.

Fikiria kwanza mega inafanya nini. Inasukuma volti nyingi kwenye shaba, kisha inahesabu ni mkondo kiasi gani umepenya ganda na kutokea upande wa pili. Lazima basi pawe na upande wa pili. Kebo iliyokunjwa juu ya benchi imezungukwa na hewa, na hewa nayo ni kihami kizuri. Tundu lipo na shaba inachungulia, lakini mkondo hauna pa kwenda, na mega inaonyesha ukinzani usio na mwisho. Kupima waya kwa waya ndani ya kebo kavu kuna faida yake, maana hugundua nyaya mbili zilizogusana au unyevu uliokwisha kujipenyeza ndani. Hakugundui mchubuko ambao kebo iliupata ilipoburutwa juu ya mawe ya ufukweni au ilipokatwa na ukingo wa mtumbwi. Maji ndiyo upande wa pili unaokosekana. Yanaizunguka kebo yote kwa wakati mmoja na kuingia kila ufa bila kuhitaji kuonyeshwa ulipo, na ndiyo hayohayo yatakayoisumbua kazini.

Hata hivyo maji hayalingani, na hapa ndipo sisi wa kanda ya ziwa tunapodanganyika kuliko wenzetu wa Tanga au Zanzibar. Uwezo wa maji ya Ziwa Victoria kupitisha umeme ni takriban maikrosimensi 100 kwa sentimita, ilhali wa maji ya bahari unakaribia 50,000. Chukua tundu lenye kipenyo cha milimita 0.1, yaani kama unywele mnene, kwenye ganda lenye unene wa milimita 1. Ukokotoe ukinzani wa uzi wa maji uliojaa ndani ya tundu hilo kwa kanuni ya kawaida ya shuleni, urefu ukigawanywa kwa eneo na kuzidishwa kwa ukinzani mahsusi wa maji. Kwa maji ya bahari utapata kiloomu 25 hivi, na kila mega itapiga kelele. Kwa maji ya ziwa utapata karibu megaomu 13. Ndizo zile megaomu 13 za mwanzo wa makala hii. Maji baridi yanakificha kidonda ambacho chumvi ingekianika papo hapo, na kanuni ya megaomu 1 iliyobuniwa kwa ajili ya nyaya zilizolala ndani ya kuta kavu inakipitisha bila swali.

Utaniuliza: kama tundu linavujisha kidogo kiasi hicho, lina ubaya gani? Kwa volti 230, megaomu 13 hupitisha maikroampea 18 tu, mkondo ambao hakuna mtu atakayeuhisi. Ubaya hauko kwenye uvujaji wa leo. Shaba ya kebo laini imefumwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, na nafasi zilizo kati ya nyuzi hizo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yaliyoingia kwa tundu moja husafiri ndani kwa ndani hadi kwenye kiungio, na kutoka kwenye kiungio hadi ndani ya chombo chenyewe. Zaidi ya hayo, pampu nyingi za jua na roboti nyingi hutumia mkondo mnyoofu, na mkondo mnyoofu unaovuja majini hula shaba. Miliampea 1 ikivuja bila kukoma huyeyusha takriban gramu 10 za shaba kwa mwaka. Hizo zinaonekana chache mpaka ukumbuke kwamba zote hutoka mahali pamoja, pale penye tundu. Kwa mkondo huo, uzi wenye kipenyo cha milimita 0.2 hupoteza milimita nzima ya urefu wake katika muda usiofika saa moja. Ndiyo sababu kebo ya namna hii haifi polepole ukaona dalili. Hufanya kazi vizuri, halafu asubuhi moja inakatika.

Ushahidi wa hoja hii ni wa zamani kuliko mega yenyewe. Kebo ya simu ya maandishi iliyovuka Atlantiki mwaka 1858 iliachwa juani kabla ya kutandazwa, ganda lake la gutapacha, ambalo ni utomvu mgumu wa miti ya Malaya, likalainika, na shaba ikahama kutoka katikati. Baada ya kutandazwa ikasukumiwa takriban volti 2,000 ili ujumbe upite kwa nguvu, na ikafa baada ya wiki chache tu. Hasara ile iliwafunza waliofuata. Kebo za 1865 na 1866 zilisafirishwa zikiwa ndani ya matangi ya maji melini, na viwandani ikawa desturi kuloweka waya uliovikwa ganda kwa saa 24, katika maji ya nyuzi 75 za Farenhaiti, ndipo upimwe. Kebo iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ikaendelea hadi Msumbiji na Durban, ni ya kizazi hicho kilichofunzwa na hasara. Nyuzi 75 za Farenhaiti ni karibu 24 za Selsiasi, joto ambalo maji ya ziwa letu hayako mbali nalo mwaka mzima. Ufukwe wa Magu una kile ambacho mafundi wa karne ya 19 walilazimika kukitengeneza kwa boila.

Sasa tushike kazi. Kabla ya kugusa mega, tenganisha kebo na kila kitu: pampu, kidhibiti cha sola, kinga ya radi, kisanduku cha juu, roboti yenyewe. Hili halina mjadala, kwa sababu volti 500 zinazopita salama kwenye ganda la kebo zitaua saketi ya kamera au ya kidhibiti kwa mara moja. Roboti ndogo nyingi hubeba betri zao ndani na kebo zao hupitisha mawasiliano tu, kwa jozi za nyaya nyembamba kama za mtandao wa kompyuta, ilhali kubwa hupelekewa mamia ya volti kutoka juu. Soma karatasi ya mtengenezaji ujue unayo ipi. Kwa nyaya za umeme za kawaida volti 500 zinatosha, na kwa jozi nyembamba za mawasiliano usizidi 250 isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Kisha shughulikia ncha, kwani vipimo vingi vya uongo huzaliwa hapo. Menya ganda la nje, tenganisha nyaya, futa maganda yake kwa spiriti safi, ziache zikauke, na zining'inize hewani zisigusane wala zisiguse meza. Jasho la kidole juu ya ganda lina chumvi, na mkondo utatambaa juu yake hadi usomaji ushuke, ukaishia kuilaumu kebo nzima.

Kwa kulowekea, pipa la plastiki au tanki dogo linatosha. Usitumie pipa la chuma ukidhani linakurahisishia kazi, maana hutajua kama kebo imegusana nalo au la. Tia maji, ongeza chumvi ya dukani kilo 1 kwa kila lita 100, na kijiko cha sabuni ya unga. Chumvi kiasi hicho huyafanya maji yapitishe umeme zaidi ya mara mia na hamsini kuliko maji ya ziwa, hivyo lile tundu la megaomu 13 litashuka chini ya megaomu 0.1, na hapo hata mega ya kizamani italiona. Sabuni ni kwa ajili ya mapovu: tundu jembamba hushika hewa, na hewa hiyo huyazuia maji, lakini maji ya sabuni hutambaa na kuifukuza. Kunja kebo kwa mizunguko mikubwa iliyolegea, izamishe yote isipokuwa ncha zote mbili, ambazo zikae juu ya maji kwa nusu mita au zaidi, halafu tumbukiza kipande cha shaba au chuma kisicho na kutu. Hicho ndicho kitakachokuwa upande wa pili wa mega. Acha saa 24. Najua fundi mwenye kazi ya kesho ataona saa 24 ni anasa, lakini maji huchukua muda kupenya ufa mwembamba na muda mrefu zaidi kulainisha plastiki iliyochoka, na kebo yenyewe itakaa ziwani miezi. Ukishindwa kabisa, iloweke jioni uipime asubuhi, na uandike kwamba imekaa saa 12.

Pima waya mmoja mmoja, kila mmoja dhidi ya maji, nyaya nyingine zote zikiwa zimefungwa pamoja na kuunganishwa na kile kipande cha majini. Bonyeza, hesabu dakika 1, andika, usiachie, soma tena kwenye dakika ya 10. Mwendo wa usomaji una habari nyingi kuliko usomaji wenyewe. Kebo nzima huanza chini kwa sababu inajazwa chaji, kisha hupanda na kutulia juu. Kebo yenye maji hupanda kidogo na kusimama, au huyumba, au mbaya zaidi, hushuka kadiri volti zinavyoendelea kusukuma. Rudia kwa volti 250 na ulinganishe. Ganda kavu hutoa ukinzani ule ule kwa volti zote mbili, ilhali ganda lenye unyevu hupoteza ukinzani volti zinapopanda, jambo ambalo Sydney Evershed, aliyetengeneza mega za kwanza, alilichunguza mwanzoni mwa karne ya 20 na likapewa jina lake. Ukimaliza, unganisha shaba na maji kwa muda usiopungua mara nne ya muda wa kipimo, chaji ishuke yote. Kebo ndefu huhifadhi chaji ya kumrusha mtu, kwa hiyo wakati mega inabonyezwa usiwepo mkono majini wala kwenye ncha, na asikaribie mtoto.

Namba gani basi ni nzuri? Kebo mpya ya polithini yenye urefu wa mita 100 inapaswa kusoma maelfu ya megaomu, ya PVC husoma chini ya hapo kwa kiasi kikubwa, na raba ina tabia yake. Urefu ukiongezeka mara mbili, usomaji hugawanyika nusu, maana njia za kuvujia zimeongezeka. Joto likipanda nyuzi 10, usomaji hushuka karibu nusu tena, kwa hiyo kebo iliyopimwa chini ya bati mchana wa jua haiwezi kulinganishwa na iliyopimwa alfajiri bila kuandika joto la maji. Kwa sababu hizi sikupi namba moja ya kukariri. Ninakupa daftari: tarehe, urefu, joto la maji, saa za kuloweka, volti, usomaji wa dakika 1 na wa dakika 10, kwa kila waya. Kebo iliyosoma megaomu 4,000 mwaka jana na leo inasoma 300 katika hali ileile ni mgonjwa, hata kama 300 ni mara mia tatu ya kiwango cha nyumba. Na ndani ya kebo moja, waya mmoja unaosoma 200 huku ndugu zake wakisoma 5,000 umekwisha kujitaja wenyewe.

Ukikuta kasoro, pipa hilohilo litakuonyesha ilipo. Zima, shusha chaji, toa mzunguko mmoja wa kebo nje ya maji, ufute ukauke, pima tena. Endelea hivyo mzunguko kwa mzunguko. Usomaji utakaporuka juu ghafla, tundu limo kwenye kipande ulichokitoa sasa hivi. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haihitaji chombo cha bei wala mtaalamu wa kutoka mbali. Kata hapo, na uangalie shaba. Ikiwa imekuwa nyeusi, endelea kukata kila upande hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni mita nzima, kwa sababu shaba nyeusi ni njia ambayo maji yameshaipita. Kwa kuunga, tumia mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani, au resini. Utepe mweusi wa fundi umeme haukutengenezwa kwa ajili ya kuzama, na kila safu yake ni mlango wa maji. Kisha rudisha kebo pipani, uiloweke upya na kuipima upya, maana kiungio kipya ndicho sehemu dhaifu kuliko zote mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo.

Wapo watakaosema multimita inatosha. Haitoshi. Multimita husukuma volti chache za betri, na kwa tundu lenye maji kidogo au kutu, volti chache hazionyeshi kile ambacho volti 230 zitakionyesha kazini. Wengine huogopa kinyume chake, kwamba mega itaitoboa kebo nzima, na mkasa wa 1858 unaweza kuonekana unawaunga mkono. Lakini zile zilikuwa takriban volti 2,000 kwenye gutapacha iliyokwisha haribika, tena bila kikomo cha mkondo. Mega ya mkononi husukuma miliampea 1 au 2 tu, na milimita 1 ya polithini nzuri hustahimili makumi ya maelfu ya volti. Kinachotobolewa na volti 500 kilikuwa kimetoboka. Wapo pia wanaotegemea kikatio cha umeme unaovuja, kile cha miliampea 30. Kiwekwe, kinaokoa maisha, sibishani na hilo. Ila uvujaji wa maikroampea 18 hauwezi kukigusa, na kitakapokata, kebo itakuwa imeshaharibika na roboti iko chini ya kizimba. Kinamlinda mtu, hakitabiri hali ya kebo.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa wenye visima. Watengenezaji wa mota za kisimani wenyewe hukubali namba ndogo: Franklin Electric, kwa mfano, huelekeza kwamba mota iliyo kisimani pamoja na kebo yake ni nzuri ikisoma kati ya megaomu 0.5 na 2, na kwamba chini ya 0.5 ndipo ganda limeharibika. Kwa nini basi nidai maelfu? Kwa sababu namba hiyo ni ya mota, kebo na kiungio vikiwa pamoja, na inajibu swali moja tu: je, chombo kilicho chini kiendelee kufanya kazi au kitolewe? Kampuni hiyohiyo hutaka mota mpya isiyofungwa kebo isome megaomu 200 au zaidi. Mota ina mita nyingi za waya mwembamba uliosokotwa ndani ya joto na maji, na udhaifu wake huufunika udhaifu wa kebo. Ukipima vyote kwa pamoja, hujui nani mwenye kosa. Kwa hiyo pampu ikitolewa kisimani kwa sababu yoyote, hata kama ni bomba tu lililotoboka, tenganisha kebo na uiloweke siku hiyohiyo. Kazi kubwa ya kuvuta mabomba yote juu imekwisha kufanyika, na pipa la maji ya chumvi halikuongezei gharama ya maana.

Pipa lina upungufu mmoja ambao lazima niukiri. Halina kina. Kila mita 10 za maji huongeza karibu baa 1 ya mgandamizo, na ufa unaojifunga juu unaweza kufunguka chini, hasa kwenye kiungio. Kwa kebo ya roboti, baada ya pipa, fanya kipimo cha pili ziwani: funga ncha ya chini kwa kifuniko chake cha kuzuia maji, ifunge jiwe, iteremshe hadi kina utakachofanyia kazi, na upime dhidi ya kipande cha shaba kilichoning'inizwa majini kando ya boti. Suuza kebo kwanza ili chumvi ya pipa isibaki kwenye viungio. Kumbuka hapa uko kwenye maji baridi tena, yale yanayoficha, kwa hiyo usitafute kiwango. Tafuta tofauti kati ya usomaji wa kebo ikiwa juu na ikiwa chini. Ikishuka kwa zaidi ya nusu na joto halijabadilika, mgandamizo umefungua kitu.

Vizimba vinaongezeka upande huu wa ziwa, hasa tangu serikali ilipokabidhi vizimba na boti za mkopo jijini Mwanza Januari 2024, na kila kizimba kina nyavu zinazohitaji kuangaliwa chini ambako mzamiaji huingia kwa hatari. Kamera inayoteremshwa kwa kebo inaweza kumpunguzia hatari hiyo, mradi irudi juu. Mwenye kikundi cha ufugaji asione tabu kununua mega moja ya pamoja, aikabidhi kwa fundi wa pampu anayeaminika, na kumpa daftari lenye mistari iliyokwisha chorwa. Mvua zikianza na Mto Simiyu ukimwaga tope ghubani, hapo ndipo kebo husuguliwa zaidi na kuonekana kidogo zaidi. Panga kuiloweka kabla ya msimu huo, na tena baada yake.